Spika ndogo, sauti ya mtu: kuhama kutoka Audioengine A2 kwenda A2+

Ukizisimamisha A2 na A2+, spika za mezani za kampuni ya Audioengine, juu ya meza moja, nyuso zikikutazama, huwezi kuzitofautisha. Boksi ni lile lile, kimo sentimita 15, upana 10, kina 13 na kidogo. Wufa (spika ya sauti za chini) ni ya inchi 2.75, twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) ni ya hariri, na chini kabisa kuna mpasuo mwembamba wa kupitishia hewa. Nguvu ni wati 15 kwa kila upande, kwa zote mbili. Ya kwanza ilitoka mwaka 2007 ikiuzwa dola 199 huko Marekani, ya pili ikaja 2013 kwa dola 249. Mtu akiuliza hizo dola 50 za nyongeza zimekwenda wapi, ameuliza swali la maana, na nimeulizwa mara nyingi tangu nihamie kwenye hizi mpya. Jibu liko nyuma ya boksi, na kwa mtu mwenye kazi kama yangu ni jibu zito.

Kazi yangu ni kunakili sauti. Watafiti wananiletea mahojiano waliyorekodi, mengi ya wazee wa mwambao, nami nayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno. Mzee wa Pemba anasimulia msimu wa karafuu huku kuku wanapita miguuni. Bibi wa Lamu anaeleza arusi za zamani, feni inazunguka juu yake. Mvuvi wa Kilwa anaongea na upepo unapiga moja kwa moja kwenye maiki. Hedifoni ninazo, lakini ukizivaa kutwa masikio yanachemka, na joto la Dar es Salaam halihitaji msaada. Kwa hiyo spika za mezani ndizo chombo changu cha kazi kama cherehani kwa fundi nguo, na ninachotaka kutoka kwao ni kitu kimoja: nisikie mtu amesema nini.

A2 zilinitumikia vizuri na sina neno baya juu yake. Shida ilitoka kwenye kompyuta. A2 hupokea sauti kwa njia ya kawaida tu, ama kwa jeki ya milimita 3.5 ama kwa jozi ya RCA (yale matundu mawili ya duara, jekundu na jeupe). Maana yake ni kwamba sauti lazima iwe imeshageuzwa kuwa umeme kabla haijatoka kwenye kompyuta, na kazi hiyo inafanywa na chipu iliyobanwa kwenye ubao mmoja na prosesa, kadi ya picha, feni na saketi za kugawa umeme. Kila kimoja kina kelele zake, na kelele hizo hurukia njia ya sauti. Kwangu zilisikika kama mlio mwembamba uliobadilika kila nilipogusa mausi. Nikiburuta dirisha kwenye skrini, nalisikia linavyoburutwa. Nikichomeka chaja ya laptopu, unaongezeka mvumo wa chini, ule wa umeme wa ukutani, Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) pamoja na sauti zinazopanda juu yake.

Anayesikiliza muziki kwa nguvu huenda asiugundue mlio huo maisha yake yote. Mahojiano ni tofauti kwa sababu yana vituo. Mzee anavuta pumzi, anatafuta jina la nahodha, anasita kidogo kabla ya kutaja mtu aliyekosana naye. Katika vituo hivyo ndimo mlio unajitokeza, na ninapoongeza sauti ili nimpate mtu aliyekaa mbali na maiki, mlio nao unapanda pamoja naye. Kinachofunikwa ni mwisho wa maneno, na Kiswahili kina mambo mengi mwishoni mwa maneno. Irabu ya mwisho ikimezwa hujui kama mtu anaeleza lililopo au anataka liwe, kama amesema wasoma au wasome.

A2+ ina tundu la USB. Katika waya huo kompyuta inatuma namba, na kuzigeuza namba kuwa sauti kunafanyika ndani ya boksi la spika, mbali na feni na kadi ya picha. Chipu inayofanya ugeuzaji huo mafundi wanaiita DAC. Umeme mwembamba wa sauti ukipita penye kelele huichukua na kuibeba hadi masikioni, lakini namba hazichukui uchafu kwa namna hiyo. Siku ya kwanza nilipochomeka USB nilifungua rekodi ambayo naijua vizuri, ya mama mmoja anayeongea taratibu sana, na alipokaa kimya niliusikia mlango wa nyumba yake ukifungwa chumba cha pili. Ulikuwepo kwenye rekodi tangu mwanzo.

DAC ya A2+ hii ya mwaka 2013 inapokea biti 16 (urefu wa kila namba) na mwisho wake ni kHz 48 (namba 48,000 kwa sekunde). Wapenzi wa vyombo vya sauti huona hicho ni kipimo kidogo, wakati faili za biti 24 na kHz 96 au 192 zimejaa kila mahali. Sikubaliani nao hata kidogo. CD ni biti 16 na kHz 44.1, na bado watu wanazililia rekodi zilizotoka kwenye CD. Sauti ya binadamu iliyonaswa barazani kwa kinasa sauti cha mkononi haina chochote cha kujaza hizo nafasi za ziada. Nafasi hizo zingejaa upepo na majogoo.

Kompyuta inazitambua spika zenyewe, huhitaji kusakinisha programu. Kinachotakiwa ni kuweka sauti ya kompyuta juu kabisa, kisha upunguze kwenye spika, kwa sababu ukipunguza ndani ya kompyuta unatupa sehemu ya zile namba kabla hazijafika. Kizungushio cha sauti kiko nyuma ya spika ya kushoto na ndicho pia swichi ya kuwashia. Wako wanaotaka kiwe mbele. Mimi napenda uso mtupu, na mkono hujifunza njia upesi.

Sasa, je, kila mwenye A2 ahamie A2+? Hapana, na nitasema bila kuzunguka. Weka sauti mahali unapoiweka siku zote, usicheze chochote, sogeza sikio hadi shubiri moja kutoka kwenye twita, kisha chezesha mausi na ufungue madirisha mawili matatu. Usiposikia kinachobadilika, kompyuta yako ni safi, baki na A2 zako na fedha yako ifanye mengine. Ukisikia mlio, bado kuna njia nyingine: nunua DAC ndogo ya USB ya pembeni, uiunganishe na A2 kwa RCA, utapata utulivu ule ule. Mimi nilichagua A2+ kwa sababu meza yangu ni ndogo na sikutaka kidude kingine chenye waya wake, na kwa sababu ya jambo la pili lililoongezwa nyuma ya boksi ambalo nitalifikia.

Boksi dogo na kanuni ya Hofmann

Josef Anton Hofmann alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH huko Marekani mwaka 1957. Herufi H ni yake. Kanuni anayokumbukwa nayo inasema hivi: besi inayoshuka chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, kati ya hayo matatu utapata mawili tu. Hakuna aliyeivunja hadi leo. Ukiona tangazo la kiboksi cha kiganjani kinachodai kuwa na besi ya ukumbi mzima, mkumbuke Hofmann kabla hujatoa pochi.

Spika ya mezani imeshachagua udogo, kwa hiyo mtengenezaji amebakiwa na uamuzi mmoja tu. Audioengine waliamua besi ishuke hadi Hz 65, na gharama yake wakailipa kwa kuweka amplifaya ndani ya spika ya kushoto. Kutoka hapo waya mmoja unakwenda kulisha ya kulia. Koni ya wufa imefumwa kwa Kevlar, uzi uliogunduliwa na mkemia Stephanie Kwolek wa DuPont mwaka 1965, huo huo unaotumika kwenye fulana za kuzuia risasi. Kwenye spika unafaa kwa sababu ni mwepesi na hauko tayari kujikunja. Koni ndogo inayosukuma besi hukimbia mbele na nyuma kwa umbali mrefu, na ikijikunja njiani inaongeza sauti ambazo hazikuwepo.

Ule mpasuo wa mbele nao una kazi yake. Hewa iliyomo ndani ya mpasuo ina uzito, na hewa iliyofungiwa kwenye boksi inafanya kazi ya springi. Uzito juu ya springi una mwendo wake wa kucheza, na ukipimwa vizuri, pale wufa inapoanza kuishiwa nguvu hewa ya mpasuo ndiyo inayoendelea kupiga. Mahesabu ya maboksi ya namna hii yaliwekwa sawa na Neville Thiele huko Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akayapanua miaka ya 1970, na vipimo vya spika hadi leo vinaitwa kwa majina yao wawili. Faida ya kuweka mpasuo mbele utaiona mara tu unapokuwa na meza iliyosukumwa ukutani: spika yenye tundu la nyuma ikibanwa na ukuta besi yake inavimba na kukoroma, hizi unaweza kuzisogeza karibu na ukuta bila shida kubwa.

Hz 65 ni chini kiasi gani? Waya mnene kuliko wote kwenye gita la besi, ukipigwa wazi, una Hz 41. Hapo A2+ haifiki. Lakini waya haupigi Hz 41 peke yake, unapiga pia 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ukisikia mpangilio huo unaijaza ile ya chini wenyewe. Ndiyo sababu mstari wa besi unaufuata vizuri kwenye spika ya wufa ya inchi mbili na robo tatu, noti baada ya noti, ingawa kifua hakitikisiki.

Na mtu anayeongea je? Sauti ya msingi ya mwanamume iko karibu na Hz 100 na ya mwanamke karibu na 200. Zote ziko juu ya 65 kwa mbali. Konsonanti, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, ziko huko juu zaidi, kati ya Hz 2,000 na 8,000, eneo la s na sh, th na f, na ile pumzi inayotoka baada ya p, t na k katika Kimvita ambayo herufi zetu za kawaida haziandiki. Kwa maneno mengine, kwenye hii spika ndogo hakuna sehemu ya mtu iliyoachwa nje.

Hapa nina jambo na sabufa. Sebule nyingi za Tanzania zina sabufa, lile boksi la chini lenye taa na tundu la flashi, na vispika vyake viwili au vinne pembeni. Nimekulia nazo, na kwenye shughuli yenye watu wengi zinafanya kazi yake sawasawa. Ila zimezoesha masikio yetu kuamini kwamba spika nzuri ni ile inayotikisa dirisha. Sauti za chini zikiwa kubwa hufunika zilizo juu yake ndani ya sikio lenyewe. Hilo ni umbile la sikio, halitegemei bei ya chombo. Ndiyo maana mtu anaongeza sauti ya taarifa ya habari kwenye sabufa na bado hapati maneno, anaongeza tena, na bado. Angepunguza besi angemsikia mtangazaji bila kuwasumbua majirani. Nimewafanyia jamaa jaribio hilo kwenye sabufa zao wenyewe, bila kununua chochote, kwa kuzungusha besi chini tu, na uso wa mtu unabadilika pale pale.

Meza inaongea pia

Kuna kitu kilichobadilisha usikilizaji wangu kuliko hata USB, na kinawahusu wenye spika yoyote ya mezani, ya dola 249 au ya elfu thelathini kutoka Kariakoo. Ni meza.

Ukiiweka spika moja kwa moja juu ya mbao, sauti inakufikia kwa njia mbili. Moja inatoka kwenye spika hadi sikioni bila kugusa kitu. Nyingine inashuka, inagonga meza na kurukia usoni kwako. Kwenye meza yangu nilichukua futikamba. Twita ilikuwa kama sentimita 12 juu ya mbao, sikio langu sentimita 40 juu, na kati yetu sentimita 65. Njia iliyonyooka inakuwa karibu sentimita 71 na ile ya kupitia mezani karibu 83. Tofauti ni sentimita 12, sauti ya pili inachelewa kwa chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Sikio haliusikii huo kama mwangwi. Linasikia kitu kibaya zaidi: kwenye Hz 1,400 hivi mawimbi mawili yanakutana moja likipanda na jingine likishuka, na yanaulana. Sehemu ya sauti ya mtu, katikati kabisa, inachimbwa shimo. Hapo ndipo panapotoka ile hali ya mtu kuonekana anaongea akiwa ndani ya ndoo.

Nilikwenda Keko, kwa mafundi seremala, na kipande cha karatasi chenye mchoro. Nilitaka viti viwili vya mninga vya kimo cha sentimita 20, vyenye sehemu ya juu iliyoinamia nyuma kidogo ili spika ziinue nyuso.

"Kaka, hivi unaweka nini juu yake?"

"Spika, fundi. Za kompyuta."

Akachukua kipande cha mbao, akakigeuza mkononi, akapitisha kidole pale patakapokuwa na mteremko. "Basi hapa nyuma tuache ukingo mdogo, la sivyo siku moja utazikuta chini."

Mimi ukingo sikuuwaza. Aliuchonga kutoka kwenye mbao ile ile bila kuuunga kwa gundi, mwembamba kiasi kwamba ukiwa umekaa huuoni. Kati ya mbao na spika nimeweka vipande vya soli ya kandambili, kwa sababu raba inazuia mtetemo usishuke mezani, na ya kandambili ina ulaini unaofaa.

Baada ya kuziinua, njia iliyonyooka imekuwa karibu sentimita 65 na ile ya mezani 97. Shimo limehama kutoka 1,400 hadi karibu Hz 550, na tena limekuwa fupi, maana sauti iliyosafiri mbali zaidi inafika ikiwa dhaifu na haina nguvu ya kuifuta nyingine. Juu yake kuna vishimo vingine, lakini navyo havina kina. Twita sasa inanitazama machoni. Konsonanti zimerudi. Kuna rekodi moja ya mzee wa Mombasa niliyokuwa nimeweka alama za kuuliza kwenye mistari mingi, na sehemu kubwa ya alama hizo nimezifuta kwa sababu ya mbao mbili za Keko.

Asiye na fundi karibu atumie vitabu, matofali, chochote kisichotetemeka. Audioengine wenyewe wanauza vikalio vidogo vya raba vya kuinamishia spika hizi nyuma, navyo vinasaidia ingawa haviinui sana.

Nafasi kati ya spika na spika nayo ina sheria yake nyepesi. Zifanye wewe na spika mbili muwe pembe tatu yenye pande sawa. Zikiwa sentimita 65 kutoka kwako, nazo ziachane sentimita 65, zikigeuzwa kidogo kukuelekea. Kuhakiki, cheza sauti ya mono, yaani ile ile kushoto na kulia. Mahojiano mengi ni mono, na vinasa vya simu karibu vyote. Spika zikiwa zimekaa vizuri, mtu haongei kutoka kushoto wala kulia. Anaongea kutoka katikati ya skrini, mahali pasipo na spika. Akielemea upande mmoja, sogeza ile nyingine kwa kidole hadi arudi kati. Na kwa kuwa uko karibu, wati 15 zinatosha na kubaki: kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda kwa desibeli 6 bila umeme kuongezeka.

Jioni kazi ikiisha naziachia muziki. Rekodi za dansi za miaka ya 1970 zilizofanywa redioni zinapendeza mno hapa, na nadhani sababu ni kwamba mambo yake yote yako katikati: magita, saksafoni, sauti za waimbaji wawili watatu waliosimama mbele ya maiki. Kwenye sabufa nilikuwa nasikia gita la solo na tumba. Hapa nasikia gita la ridhim likijibizana na la pili, moja likiziba pengo la jingine, na namsikia mwimbaji wa nyuma anayeingia kabla ya wenzake. Taarabu ya ala kamili ni tamu zaidi. Kanuni (hapa ni ala ya nyuzi, si ile sheria ya Hofmann) ina nyuzi tatu kwa kila noti na mpigaji huvaa vichokonoo vidoleni kwa pete. Kwenye A2+ unasikia kichokonoo kinapogusa uzi, halafu uzi, halafu mbao ya kanuni yenyewe ikiitikia. Udi unabaki na tumbo lake. Dabal besi inapungua chini, hilo haliepukiki.

Umeme haukunipa shida. Adapta yake ni ya nje na inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata zikiletwa kutoka Marekani huhitaji transfoma, unabadilisha tu waya wa ukutani uwe wa plagi yetu ya pini tatu. Kuwa na adapta nje nakuona ni faida katika nchi yenye umeme wa kupanda na kushuka, maana kikipigwa cha kwanza ni kitu kinachonunulika chenyewe. Bado nimeiweka nyuma ya kilinda umeme. Mgongo wa spika ya kushoto huwa na uvuguvugu, maana amplifaya yake ni ya daraja la AB inayopoteza umeme fulani kwa joto, hivyo usiifunike. Na hazina wavu mbele. Twita ya hariri ni kitufe kizuri sana machoni pa mtoto wa miaka miwili. Ukiwa na mtoto ndani, ziweke juu.

Lile jambo la pili la nyuma ya boksi ni jozi ya RCA ya kutolea sauti, ambayo A2 haikuwa nayo. Inafuata kizungushio: ukipunguza sauti ya spika, kinachotoka huko nacho kinapungua kwa kiasi hicho hicho. Hivyo unaweza kuunga sabufa yenye amplifaya yake, iweke chini ya meza, na ukawa na udhibiti mmoja wa vyote. Elewa tu kwamba A2+ haiachi kupiga besi yake eti kwa kuwa sabufa ipo. Inaendelea hadi Hz 65 kama kawaida, kwa hiyo iwekee sabufa kikomo chake cha juu karibu na hapo, Hz 65 hadi 80, zisije zikapiga jambo moja mara mbili na kurudisha ule mvimbo unaofunika maneno. Anza sabufa ikiwa imezimwa sauti, ipandishe taratibu huku mtu anaongea kwenye rekodi. Ukifika mahali ambapo sauti ya mtu imeanza kunenepa, rudi nyuma kidogo, hapo ndipo pake. Mimi huiwasha kwa ajili ya dansi na kuizima wakati wa kazi.

Baadaye limetoka toleo la A2+ lenye Bluetooth. Kwa anayepigia muziki kwenye simu ni rahisi, ila kwa kunakili mimi nabaki na waya, kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na unapobonyeza kusimamisha na kurudi nyuma mamia ya mara kwa siku ucheleweshaji huo unachosha.

Anayezitafuta zilizotumika, dukani au kwa mtu anayehama, aende na laptopu yake na waya wa USB, pamoja na rekodi ya mtu anayemfahamu kwa sauti. Jaribu USB na jeki vyote viwili. Zungusha kizungushio taratibu kutoka chini hadi juu, usikie kama kinakwaruza. Angalia raba inayozunguka wufa, isiwe imepasuka, na twita isiwe imebonyea. Hakikisha ile spika ya kulia inapiga sawa na ya kushoto kwa kucheza mono na kukaa kati. Uliza adapta ya asili iko wapi. Kisha mwombe muuzaji azime muziki wa duka kwa dakika tano, ucheze ile rekodi kwa sauti ndogo kabisa, na usikilize kama bado unayapata maneno yote.